Mwalimu Luong na Sufuria Iitwayo Ndege

Kama kuna mtu pale kijijini Dong Vai aliyeijua alumini kwa ukoo na kwa tabia, ni Mwalimu Luong. Angekusimulia inasimama wapi kwenye foleni ya metali, nani yuko mbele yake na nani nyuma, nani akimwagiwa asidi anatoa mapovu na nani anakaa kimya kama mkwe kwenye karamu. Na ni huyo huyo Luong, si mlevi wala si mtoto, aliyeiua sufuria ya marehemu baba mkwe wake kwa mikono yake miwili, asubuhi na mapema, huku akipiga mluzi. Mimi niliyeishia darasa la sita, tena la sita lenyewe nikiwa nimekaa dirishani, nisingeiua. Lakini msinicheke bado, tutafika.

Luong aliletwa kwetu na barua ya serikali akitokea mikoa ya pwani, kijana mrefu, mwembamba, kalamu mfukoni siku zote, hata akienda kuoga. Hakuwa na nyumba wala ndugu. Akampenda Thoan, bintiye Bi Nhai, wakaoana, na kwa kuwa Bi Nhai alikuwa mjane asiye na mtoto wa kiume, mwalimu akahamia kwa mkewe. Kwetu mwanamume akifanya hivyo wenzake hawamwachi. Kila akipita kibanda cha chai, waliopo wanaweka chini vikombe.

"Mwalimu, leo umepewa ruhusa ya kutoka?"

"Umeaga lakini? Usije ukafungiwa mlango."

Luong anacheka nao, baiskeli haisimami, ila masikio yanamwiva. Kitu kimoja tu kilimfanya atembee kichwa juu ndani ya nyumba ile isiyo yake, nacho ni kwamba alikuwa mwenye elimu. Akivuliwa hiyo, anabaki mwanamume mrefu anayekula wali wa mama mkwe.

Na tumpe haki yake, kufundisha alijua. Shule ile haikuwa na chupa hata moja ya dawa za maabara. Asidi aliwaonyesha watoto kwa siki na maji ya ndimu, alkali kwa chokaa ya watafuna tambuu. Alipaka karatasi bizari ya manjano, akaichovya kwenye maji ya chokaa, karatasi ikageuka nyekundu ya damu ya mzee, darasa zima likasema aaah. Foleni ya metali aliifundisha kwa foleni ya duka la ushirika, maana miaka ile kila mtoto aliijua foleni kuliko alivyomjua baba yake. Mbele kabisa potasiamu na sodiamu, wenye fujo, wanaruka hata kwenye maji baridi. Wanafuata kalsiamu, magnesiamu, alumini, kisha zinki na chuma. Nyuma huko shaba, fedha, na dhahabu bibi mkubwa, asiyegombana na mtu.

"Mwalimu," mtoto angeuliza, "mbona alumini iko mbele ya chuma na hailiwi na kutu, na chuma kinaliwa?"

"Kwa sababu imevaa koti," Luong angejibu akiwa amelitamani swali hilo tangu asubuhi. "Ikikutana na hewa inajifunika ngozi nyembamba, hewa haipiti, maji hayapiti. Alumini ni mtu mkali aliyevaa koti."

Ukurasa uliofuata kitabuni ulieleza ni kitu gani kinachomvua mtu huyo koti lake. Luong aliuruka kila mwaka. Haujawahi kuja kwenye mtihani, na hakukuwa na cha kuwaonyesha watoto.

Sasa, siku ya tano ya mwezi wa tano kwetu ni siku ya kuua wadudu wa tumboni. Mtu hali kitu asubuhi ile mpaka kwanza ale mchele uliochachushwa, matunda makali, na mikate ya majivu. Mikate hii ni mchele wa kunata uliolowekwa kwenye maji ya majivu, ukafungwa majani, ukachemshwa mpaka ukawa kama kipande cha asali iliyoganda. Unachovya kwenye asali ya muwa. Mikate ya Bi Nhai ilikuwa na jina. Ukoo mzima wa marehemu mumewe ulikuja kuila mbele ya madhabahu yake, na hakuna aliyethubutu kupika yake akailinganisha.

Mwaka ule Bi Nhai aliteleza kisimani akateguka kifundo cha mkono. Mikate ikamwangukia Thoan. Na palipo na majivu, chokaa na mke aliyeingiwa na wasiwasi, mume mwenye kalamu mfukoni atakosaje?

Siku mbili kabla ya sikukuu, asubuhi na mapema, alimkuta mama mkwe jikoni akionja maji ya majivu kwa ncha ya ulimi.

"Mama, kumbe unayapima kwa ulimi?"

"Nimeyapima hivi miaka thelathini."

"Ulimi unadanganya, Mama. Leo umekula chumvi, kesho hukula. Nikupimie kisayansi."

"Ulimi wangu haudanganyi. Wako sijui, una kazi nyingi."

Thoan akageuka ukutani asionekane anacheka. Luong hakuona, alikuwa ameshatoa karatasi ya bizari. Akaichovya, ikawa nyekundu. Akaiinua juu kama mtu aliyevua samaki. Bi Nhai akaitazama, akatema tambuu yake, akasema, "Nzuri. Sasa mikate itaiva kwa karatasi?" Akajifunga kitambaa, akaenda zake ng'ambo ya mto kukandwa mkono na mganga wa mifupa. Angerudi mchana.

Alivyotoka tu, mwalimu akakunja mikono ya shati. Maji ya mama mkwe aliyaona dhaifu. Akayachemsha yapungue hadi theluthi, akaongeza chokaa mpya, akayaacha yatuame, akachuja. Akachovya karatasi nyingine, ikaiva mpaka ikakaribia kahawia. "Hapa," akamwambia mkewe, "mchele unalowana kwa saa tano tu badala ya kutwa na usiku. Mama akirudi anakuta kazi imekwisha."

"Mtungi uko pale," akasema Thoan. "Nimeuosha mara mbili."

"Ulikuwa na nini?"

"Bilinganya za kuchachusha."

Luong akacheka kwa huruma, kile kicheko chake cha darasani. "Ndiyo nisemayo. Udongo umenyonya asidi. Asidi ikikutana na alkali zinauana, unabaki na maji na chumvi. Tutalowesha mchele kwenye maji matupu."

Na hapo, ndugu zangu, alikuwa sahihi. Mtu mjinga kabisa angeutumia mtungi na mikate ingeiva. Mtu msomi kabisa angejua na yanayofuata. Luong alisimama katikati, mahali ambapo hata sisi wengine tumevunjikia miguu.

Akainua macho ukutani. Pale ilining'inia sufuria iitwayo Ndege. Mzee Chuc, mume wa Bi Nhai, alikuwa msubu, na baada ya vita alinunua vipande vya ndege iliyoanguka mashambani, akaviyeyusha, akasubu sufuria moja kubwa ya kumtosha mtoto kuogea. Harusi zote za Dong Vai zilipikiwa humo. Alipofariki, Bi Nhai akaitundika, ikawa inashushwa kwa harusi na matanga tu, na baada ya hapo anaisugua mwenyewe kwa mchanga laini.

"Hiyo ni ya Baba," Thoan akasema.

"Baba aliisubu itumike."

"Mama hataki ilowekewe kitu. Aliniambia nikiwa mdogo, maji ya majivu yasikae humo."

"Mama hataki kwa mazoea, mke wangu. Mimi nakwambia kwa hesabu. Alumini ina koti."

"Luong, nakuomba. Usitie."

Alitia. Kwanza mchele, kisha maji yale makali, kisha akafunika kwa ungo. Thoan akasimama akimtazama, kisha akachukua reki yake akaenda kuanika mpunga wa ushirika. Mwalimu akapanda baiskeli kwenda shule, akipiga mluzi.

Aliporudi mchana alisikia sauti tangu uani. Kama kuna mtu anakaanga kitu, na jiko limezimwa. Aliingia, akauinua ungo.

Maji yalikuwa yanachemka bila moto. Vipovu vidogo vidogo vilipanda kutoka kwenye kuta na kitako cha sufuria, mistari na mistari, vikapasuka juu na kurusha vijitone vilivyomwasha mkononi. Mchele ulikuwa umegeuka uji wa rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Aliingiza kijiti akasukuma uji kando, na ndani ya Ndege, iliyokuwa iking'aa kama mwezi, palikuwa peusi na vijishimo kama uso wa mgonjwa wa ndui.

Alijua gesi ile ni nini. Miaka sita aliichora ubaoni kwa chaki, viduara vidogo na mshale unaoelekea juu, haidrojeni, akiwaombea watoto siku moja waione kwa macho. Ilikuwa inatoka jikoni kwa mama mkwe wake. Na ukurasa alioruka ukamjia wote, tangu mstari wa kwanza: alkali huyeyusha koti la alumini, na metali iliyo uchi hupambana na maji mpaka mmoja aishe. Alikumbuka hata picha iliyokuwa pembeni.

Alimwaga uji nyuma ya migomba. Akasuuza sufuria, na maji ya kusuuzia yakaanza kumdondokea miguuni. Karibu na kitako, mahali ambapo Mzee Chuc aliwahi kutia kiraka, pamekuwa tundu. Alikuwa ameshika Ndege juu ya kichwa akiangalia mwanga wa jua ukipenya kwa tundu lile, aliposikia kwenye lango viatu vya mti vya Bi Nhai.

Mwanamume wa kweli angebaki. Luong aliiweka sufuria sakafuni, akatoka kwa mlango wa nyuma, akaenda kufundisha kipindi cha alasiri ambacho hakikuwepo. Alikaa kwenye darasa tupu akisoma ramani ya dunia.

Jioni aliwakuta wote wawili jikoni. Thoan amepiga magoti mbele ya sufuria, reki bado mkononi. Bi Nhai amesimama juu yake na mkono uliofungwa.

"Nilikwambia nini ukiwa na miaka saba? Nilikwambia nini? Hivi nimezaa mtoto au nimezaa gogo?"

Thoan aliinua macho akamtazama mumewe mlangoni. Mara moja tu, bila hasira, jinsi unavyomtazama mtu aliyeshika ncha nyingine ya mzigo, unangoja ainue.

Luong alifungua mdomo. Alitaka kusema ni mimi, naapa alitaka, lakini aliwaona watu wa kibanda cha chai, akajiona bila kalamu mfukoni. Kilichotoka kilikuwa hiki:

"Mama, usimkasirikie sana. Hakujua."

Mnasikia? Angenyamaza tu, tungesema ni mwoga, na waoga tuko wengi. Yeye alimsamehe mkewe kosa lake yeye. Thoan akainamisha kichwa, akaanza kusugua weusi ule kwa kidole gumba, na Luong akahisi joto likimpanda kutoka shingoni mpaka kwenye mizizi ya nywele, halikushuka kwa siku tisa.

Bi Nhai aliosha mikono, akawasha ubani mbele ya picha ya mumewe. "Baba Thoan," akasema, "sufuria yako imekufa. Ni bintiyo. Mimi ndiye niliyemlea, nilaumu mimi, yeye msamehe." Luong alisimama nyuma, viganja pamoja, midomo imefungwa, kama alivyosimama siku zote. Msomi haongei na moshi.

Sikukuu ikapita na mikate ya kununua sokoni. Ukoo ulikula, ukatazamana, shangazi mmoja akasema, "Thoan mwanangu, mikate yako imetoka sokoni ikiwa na miguu?" Watu wakacheka. Kisimani wanawake wakamwita Thoan Fundi wa Majivu. Nyumbani alimpa mumewe bakuli la wali kwa mikono miwili, "Karibu chakula, Mwalimu," kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa hata siku ya harusi. Alihamia kulala kitandani kwa mama yake, ati amkande mkono.

Luong alijaribu. Kwa nguvu za mtu wa aina yake, alijaribu. Siku moja alimfuata Bi Nhai bandani kwa nguruwe, akaishia kusifu nguruwe. Siku nyingine aliandika kila kitu kwenye karatasi, pamoja na mlinganyo wake, alumini na alkali na maji upande huu, haidrojeni upande ule, akaiweka kwenye kikapu cha tambuu cha mama mkwe. Bi Nhai aliikuta, akaona karatasi safi, akafungia chokaa yake ya tambuu bila kuisoma.

Siku ya tisa alikuwa na darasa la marudio, wale wa mtihani wa kumaliza. Mtoto mmoja aitwaye Ngat, binti wa mtengeneza tofu, yale maziwa ya soya yanayogandishwa kwa siki, mkali kama siki ya mama yake, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kuna ukurasa tuliuruka. Alumini na alkali."

"Hauji mtihanini."

"Lakini umekuja kwenu."

Darasa likalipuka. Mtoto wa nyuma aliigiza sauti ya kukaanga. Luong akagonga meza, na Ngat, ambaye hakuwa anacheka, akaendelea:

"Mama anasema mke wa Mwalimu hana akili. Mimi nikamwambia, mke wa Mwalimu hakusoma kemia, angejuaje? Nilikuwa namtetea tu. Ila nikajiuliza, sasa Mwalimu mwenyewe alikuwa wapi?"

Mtoto wa miaka kumi na mitano. Aliuliza kama anavyouliza maji yanachemka kwa nyuzi ngapi.

Luong akageukia ubao ili wasimwone uso. Aliandika mlinganyo wote, polepole, chaki ikilia, akausawazisha, akahesabu tena kama umesawazika. Ulipokwisha hakukuwa na kitu kingine cha kuandika.

"Si mke wangu," akasema akiwa bado ameelekea ubao. "Ni mimi niliyemimina. Yeye alinikataza, kwa sababu mama yake alimkataza. Mimi nilikuwa na kitabu."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuumiza. Waliinama wakanakili mlinganyo.

Habari ilimtangulia nyumbani, maana watoto wana njia za mkato kwenye mashamba na yeye ana baiskeli yenye mnyororo unaochomoka. Alipofika langoni Thoan alikuwa amesimama na ungo mkononi, na heshima yote ya siku tisa ilikuwa imemtoka.

"Watoto arobaini na wawili!" akasema. "Watoto wa watu wamejua kabla ya mama yangu! Ulishindwa kusema humu ndani tukiwa watatu, ukaenda kusema huko ambako lazima wakuite Mwalimu?"

Luong alikuwa amerudi akidhani ameweka mzigo chini.

Bi Nhai alikuwa ndani, ameketi mkekani mbele ya madhabahu, hakugeuka.

"Umenifanya mwongo," akasema. "Si kwa wanawake wa kisimani, hao ni waongo wenzangu. Kwa huyu. Nimemsemea binti yake jambo ambalo si yeye aliyelitenda. Siku tisa anamkasirikia mtoto wake huko aliko."

"Mama, nisamehe. Nitakwambia yote ilivyo—"

"Mimi nimeshaambiwa na mtoto wa tofu. Mwambie yeye."

Luong akautazama ubani kwenye kopo lake. Maishani hakuwahi kusema na picha. Alichukua vijiti vitatu, njiti mbili za kiberiti zikazimika, ya tatu ikashika. Akapiga magoti. Mzee Chuc alimtazama kutoka kwenye fremu yake, mtu wa mabega mapana na nyusi zilizoungua.

"Baba," akaanza, kisha akakohoa. "Alumini, kwa kawaida, inafunikwa na ngozi ya oksidi, lakini ikikutana na alkali iliyo kali—"

"Usimfundishe," akasema Bi Nhai. "Aliisubu yeye. Mwambie."

Moshi ulikuwa unapanda wima. Luong aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kalamu.

"Baba, ni mimi, Luong. Niliishusha sufuria yako ukutani. Nilimimina mimi. Thoan alinikataza, nikamcheka. Halafu alipokuwa anagombezwa nilisimama mlangoni nikamwombea msamaha, kana kwamba kosa ni lake. Nimekaa hivyo siku tisa nikila wali wa nyumba yako." Sauti ilimpungua kama taa iliyoishiwa mafuta. "Naona aibu, Baba."

Nyuma yake Thoan alikuwa ameingia. Hakuweka ungo chini.

"Sema kwa nguvu," akasema. "Baba alikuwa hasikii vizuri. Ni kazi ya nyundo."

Luong akageuka amtazame kama anatania. Hakuwa anatania. Dirisha lilikuwa wazi, na ng'ambo ya ua wa mianzi majirani wanne walikuwa wanapepeta mpunga, yule shangazi akiwa mmoja wao. Akamgeukia tena Mzee Chuc, akavuta pumzi, moshi ukamwingia, akaanza upya tangu jina lake, kwa sauti ile ya kuwafikia watoto wa dawati la mwisho. Alipofika kwenye "nilimimina mimi," nyungo za kule nje zilikuwa zimenyamaza zote.